Nyaya Mbili

Kopo lilikuwa darini, nyuma ya tangi la maji,
kopo la biskuti, bati la mji huu huu, Llanelli,
la enzi zile baba alizoliviringisha likiwa jekundu
akarudi nyumbani nyusi zimebabuka.
Ndani: pamba, funguo zisizo na mlango,
na gari la kijani lenye urefu wa kiganja changu,
namba saba ubavuni, dereva hana kichwa.

Miaka hamsini na minane sikuligusa.
Nilijua nani aliliua.

Nimetandaza njia sakafuni, chumba cha mbele,
vipande kumi na sita, vinane vya kona,
vinapita chini ya piano na kurudi mezani.
Reli zimeota kutu. Nimezisugua kwa msasa laini,
magoti yakilia kuliko msasa.

Kisha gari lenyewe. Skrubu moja tu, nayo ina kiburi.
Mafuta ya zamani yameganda yakawa nta,
uzi wa zulia umejizonga kwenye ekseli,
zulia lile la kahawia, tulilolitupa mama alipofariki.
Nimeukata kwa wembe,
nikauweka kando, sijui kwa nini.
Matairi yamekuwa mawe; nimeyasaga mpaka yakashika.
Brashi mbili za kaboni, kila moja kama mbegu ya tufaha.
Nyuzi za shaba chini ya tumbo, zilizosukwa,
nimezichambua kwa pini
kama nywele za mtoto asiyetaka kutulia.
Tone moja la mafuta ya cherehani. Moja.
La pili ni tamaa.

Nikampigia Idwal.
Huku saa tano usiku na mvua,
kwake Adelaide saa tatu asubuhi na jua.
Nikailaza simu sakafuni, kando ya kona.
"Bonyeza," akasema.
Kimya. Harufu ya vumbi linalopata moto.
"Springi zinazibana brashi. Legeza kidogo."
Aliusikiliza ukimya ule, bahari ngapi katikati,
kama daktari anavyosikiliza pafu.

Nikalegeza. Nikabonyeza.
Mlio wa nyigu ndani ya chupa,
na gari likaondoka
kinyumenyume,
ulimi wake ukachomoka mfuoni,
likagonga soli ya kiatu changu.

"Linakwenda?"
"Linarudi nyuma."

Upande ule wa dunia mtu aliacha kupumua kidogo.

"Nilibadilisha nyaya," akasema.
"Nilichoka kushindwa na wewe. Nilitaka siku moja tu.
Halafu ukalia, ukamwambia baba umeliharibu,
naye akaamini. Nami, unajua..."

Sijui.
Alikuwa na miaka kumi na miwili, mimi minane.
Najua nilikula jikoni peke yangu wiki nzima.
Najua Krismasi iliyofuata yeye alipewa redio ya kuunda
na bisibisi nne ndani ya mfuko wa ngozi,
mimi nikapewa piano.

Pasi ya kulehemu ilikuwa bado moto.
Waya mwekundu hapa, mweusi kule,
moshi mwembamba, risasi ikang'aa, ikapoa.
Dakika mbili. Nimepima.

Sasa linakwenda mbele.
Polepole kwanza, likinusa njia,
kisha kidole changu kikakumbuka chenyewe
mahali pa kuachia, kabla ya kona ya piano,
na mahali pa kubana tena
mkia unapotaka kukimbia kichwa.
Dereva asiye na kichwa hapepesuki.

"Mererid? Upo?"

Nipo. Sijamjibu.
Nimeisogeza simu mpaka ukingoni mwa mfuo
ili gari lipite sikioni mwake,
mzunguko wa kumi na moja, wa kumi na mbili,
asikie linavyokuja,
asikie linavyomwacha.