Breka ya Kibuye

Kibuye, Jumapili, jua la saa sita.
Ombija ananionyesha breka kiganjani kama yai.
"Hii mia mbili hamsini. Ile elfu na mia.
Zote zinakata."

Zinakata nini?
Nina karatasi ya Atemo, fundi wangu wa Katito,
kaiandika kwa penseli, mkono wa kushoto,
maana wa kulia bado una kitambaa:

Umeme wa nguzo hupumua, mara mia kila sekunde;
ukiukata, hufia kwenye pumzi.
Wa jua haupumui.
Utenganishe, utaruka pengo, utawaka samawati,
utakula plastiki, halafu ukuta, halafu paa.
Soma ubavuni: tafuta mstari mnyoofu, si wimbi.
Chanya na hasi usizigeuze.
Wala usichukue kubwa ati isisumbue.
Breka isiyosumbua ni mlinzi aliyelala.

Naigeuza ya mia mbili hamsini.
Wimbi.
Ombija anatazama ng'ambo, kwa muuza omena.

Nyumbani mayai mia na nne yako kwenye mashine,
siku ya kumi na tisa; ukitega sikio yanalia ndani.
Betri iko chumbani kwa mama mkwe,
chini ya kitanda, hataki ihamishwe,
anasema inampa joto.

Nalipa elfu na mia.
Nauli imepungua, nitashukia Ahero,
nimalizie kwa miguu,
breka nimeifunga kwenye leso pamoja na chumvi,
kitu ghali kuliko vyote nilivyonunua mwaka huu,
na naomba kisipate kazi.