Sikio la Kushoto

Tangazo la filamu ni la dakika mbili na sekunde nane.
Nimelitazama mara arobaini na moja
jikoni kwa Liivi, hapa Tartu, madirisha yameganda,
na mara zote arobaini na moja
Ilvena ana masikio mawili.

Mawili! Mazima, madogo, yana hereni.

Kitabuni, ukurasa wa mia na kumi na mbili,
baridi inamng'ata la kushoto akivuka Mto Unaokumbuka.
Linadondoka barafuni kama jani, naye haliokoti.
Nilikuwa na miaka tisa. Homa ya uti wa mgongo
ilikuwa imeninyang'anya langu, la kushoto vilevile,
na shuleni waliniita Ukuta.
Husemwa sikio la kufa halisikii dawa.
Langu lilisikia. Dawa ilikuwa karatasi,
niliipaka kwa kidole hadi wino ukafifia.
Basi msiniambie ni sikio tu.

Heino, aliyefundisha fizikia miaka thelathini,
hana habari na masikio. Yeye ana kesi na mto.
"Mto unaimba," asema, "lakini mwandishi hakutupa sauti yake.
Kila msomaji kautungia wimbo. Wangu ni wa polepole,
unafanana na friji ya mama ikipumua usiku.
Sasa wameupa fidla sitini.
Nikishausikia wao, wangu nitautoa wapi?"
Tukanyamaza.
Friji ya Liivi nayo, kwa adabu, ikanyamaza.

Liivi ndiye mwenye imani.
Ameshona joho kwa pazia la bibi yake, rangi ya zabibu kavu,
na ndani, pasipoonekana, ametarizi
majina ya waliozama, yote thelathini na manne.
"Huenda kule studioni," asema, "yupo mmoja
aliyekisoma akiwa mgonjwa, kama wewe.
Mmoja anatosha. Chumvi haitiwi kwa gunia."

Hata jina hatujapatana:
Heino hukaza mwanzo, mimi kati,
Liivi huburuta mwisho kama anayemwita mtoto mezani.
Kwenye tangazo mwigizaji kalitamka namna ya nne.
Ugomvi wa miaka kumi na tisa
umeamuliwa na kijana mwenye meno mazuri.

Mwandishi hayupo wa kuulizwa. Aliacha juzuu saba na paka.
Mwanawe akauza haki, akaezeka nyumba.
Simlaumu; paa linalovuja halisomi riwaya.

Nami siogopi filamu mbaya.
Mbaya tutaicheka, tutakula keki,
tutarudi vitabuni kama mtu arudiye kwake na ufunguo mfukoni.
Naogopa nzuri.
Iwe nzuri hata uso wa yule dada
ukae juu ya uso niliouchora mwenyewe,
uso ambao, nikisema kweli, haujawahi kuwa na pua:
una mwanga tu, na upande mmoja mtupu.

Usiku wa kwanza. Nyuzi kumi na nne chini ya sifuri,
foleni imefika darajani.
Mbele yetu msichana wa miaka minane hivi,
plasta kubwa imefunika sikio la kushoto.
"Haumwi," mama yake anatuomba radhi,
"amekataa tu kutoka bila hiyo."
Liivi akanikanyaga mguu.
Sikuweza kusema kitu. Nikavua kofia.

Ndani, Heino kaketi kushoto kwangu.
Taa zinafifia, watu wanakohoa kikohozi cha mwisho,
naye ameanza kuuimba ule wake, chini kwa chini,
kabla fidla hazijafika, kama mtu
anayejaza ndoo bomba likiwa karibu kukatwa.
Naona midomo yake ikicheza.

Sisikii kitu.
Wimbo wake kwangu uko salama.