Fimbo ya Usukani

Miaka miwili na miezi minne
sanduku limekaa juu ya kabati,
chini ya mablanketi ya baridi na pasi mbovu,
na kila nilipofuta vumbi nililipita
kama mtu apitaye mlango wa anayemdai.

Ndani yake ndege: moja kwa arobaini na nane,
mabawa yamepinda begani kama ya shakwe,
injini ya silinda tisa niliyoipaka masizi
kwa unywele mmoja wa brashi, nimebana pumzi.
Mkia tayari. Magurudumu tayari.
Tumbo la samawati, mgongo rangi ya majani yaliyochoka.
Lakini chumba cha rubani kitupu,
na kwenye kioo cha mbele alama ya kidole changu
imeganda ndani ya gundi,
kila mstari wazi, kama kwenye faili la polisi.

Usiku ule kibano kiliteleza.
Tik!
Fimbo ya usukani, fupi kuliko punje ya mchele,
ikaruka, zulia likaimeza.
Nilitambaa na tochi hadi saa nane.
Nikachonga nyingine kwa pini: nene.
Nyingine: imepinda. Ya tatu sikuitazama hata.
Nikafunga sanduku kwa uzi wa kushonea magunia,
nikasema, kesho.

Kesho ina miguu mirefu.

Mimi si mvivu. Miaka thelathini na mmoja
kiwandani hapa Łódź nilishona kola,
kola mia mbili kwa zamu, na sikuacha hata moja nusu.
Ndiyo maana iliniwasha:
si ndege, ni ile nusu.

Na mama. Alikuwa na miaka minane Septemba ile,
amejibana chini ya mtambo wa kufumia wa babu,
akihesabu ngurumo. Zao, aliniambia, hazikuhesabika.
Zetu alizitambua kwa mabawa,
akazimaliza kwa vidole vya mkono mmoja.
Hakuniomba nimjengee kitu.
"Vita unaiweka mezani, karibu na mkate?"
aliniuliza nilipoanza, na sikuwa na jibu.
Sinalo hadi leo.

Jumanne akaja Sylwek, fundi wa mabomba ya joto,
theluji ikiyeyuka viatuni mwake.
Akasogeza kabati, akapiga magoti, akakohoa,
akaibuka na kitu kwenye ncha ya kidole.
"Bi Kazimiera, hii ni ya mashine gani?"

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Mimi sikuinama; akainama mwingine
kwa ajili ya bomba linalovuja.

Nilitaka kusema, takataka hiyo, tupa.
Kiganja kikafunguka chenyewe.

Sikupata moto wowote kifuani, nisikudanganye.
Nilipanda kiti ili niirudishe sandukuni, basi,
kila kitu kikae na mwenzake.
Lakini fundo lilikuwa langu la kiwandani,
lile lisilofunguka, hukatwa.
Nikalikata.
Nikaona fimbo itasimama wapi.
Nikaona kiti.
Nikaona kiti hakina mikanda,
na mikanda, jamani, ni kushona tu.

Kisha msasa laini juu ya kioo, tone moja la maji,
kidole changu kikifutika mstari kwa mstari
hadi nikaona ng'ambo.
Tramu ikapita chini, madirisha yakatetemeka.
Mkono, hapana.

Sylwek aliaga, sikumsikia.
Nilikuta kikombe chake kwenye sinki
na supu ya bitiruti imeungua hadi sufuria inalia.

Mkanda wa kushoto umekaa.
Wa kulia bado: uzi wa rangi ile umeniishia.
Niliufumua kwenye kola ya Wacław,
shati lake la Jumapili.
Yeye bado hajui.
Kola ina upande wa pili.