Kwa Kauli Moja

Saa moja asubuhi, mji wa makaa, kusini mwa Yorkshire.
Theluji imegandia kizingiti. Naingia kwa ufunguo wa ofisi.
Mzee Clifford Ackroyd yu macho, kaketi kitandani
kama mwenye kikao.
"Akidi imetimia?"
Namjibu imetimia. Tuko wawili.

Miaka ishirini na tisa aliishika halmashauri
asipaaze sauti hata siku moja.
Alikuwa na daftari tu.
Aliyeandikwa humo alijikuta hana kamati,
hana kiti, hana hata wa kumwamkia.

Mvunguni lipo kopo la biskuti.
Ndani, kadi ya chama ya baba yake, Enoch:
mihuri ya ada imefuatana wiki kwa wiki,
hata wiki za mgomo, za viazi vitupu,
hata wiki ile jirani, aliyezoea kuja kuomba chumvi,
alipoinamisha kofia akarudi mgodini.
Clifford alikuwa na miaka sita.
Baba akamshika kidevu, akamgeuzia dirishani:
"Utazame vizuri mgongo ule."

Tangu hapo, nadhani, hakuona tena nyuso.

Mdogo wake Wilf alipiga kura moja ya hapana,
habari ya kufunga maktaba.
Jumanne akafukuzwa chamani.
Krismasi sahani yake haikuwekwa mezani.
Siku hizi Wilf hutuma kadi, mwandiko unatetemeka;
mzee hunionyesha pipa la taka,
nami huzitia mfukoni mwa koti lake la mazishi.

Si kwamba namcheka.
Kwetu Handeni baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi,
naye alikuwa na daftari, jalada la kijani,
na sisi watoto tulijua nani tusicheze kwake.
Mtoto wa nyoka ni nyoka, watu husema.
Lakini nyoka hafundishwi kuuma.
Hawa walifundishwa, tena kwa upendo,
kidevu mkononi mwa baba.

Nakamua kitambaa. Maji ya vuguvugu.
"Nyanyua mkono, mzee, nikuoshe kwapa."
Anaunyanyua, mwembamba kama mshumaa.
Nauegemeza kwa wangu, nao uko juu.
Anahesabu kwa macho, polepole, mara mbili.
"Kwa kauli moja," asema, ameridhika.

Nageuka kufuata taulo
na nahisi anautazama
mgongo wangu.