Farasi Mmoja

Umeileta kwa toroli toka mwaloni Kirumba,
umeifunika kitenge kama mgonjwa asiyetaka kuonwa,
na wewe Mazigo nyuma, umeshikilia panga lake
lisije likakwaruza lami.
"Imegoma," unasema.
Usiku kucha mlipiga makafi,
dagaa wakawaharibikia njiani.

Kila mwenye injini huniambia imegoma.
Hakuna aniambiaye alichoinywesha.

Nakuuliza: oili ulichanganya kiasi gani?
Unatazama ziwa.
Petroli ulinunua kwa nani?
Unalitazama tena,
utadhani ziwa ndilo liliuza.

Haya. Sayi, lete spana.

Ubavuni paliandikwa kumi na tano.
Jua limeramba tano, limebakiza moja:
farasi mmoja, mzee, ana pumu.
Namvua kofia.
Ndani, utando wa buibui
na gamba la sato, kavu, linang'aa kama sarafu.
Limeingiaje humo? Siulizi.

Plagi ni nyeusi, imelowa.
Naigusisha kwenye chuma, Sayi anavuta kamba:
cheche ipo. Ndogo, ya buluu,
kama jicho la mtu anayejifanya amelala.
Basi moyo mzima. Tutazame koo.

Kabureta naifungulia kwenye sinia la pilau
(mke wangu hajui, na wewe hujui).
Kwenye kibakuli chake, chini ya petroli,
tone la maji linabingirika, halitaki kuchanganyika.
Jingine. Jingine tena.
Mazigo, petroli ya chupa!
Kumbe kweli ziwa ndilo liliuza.

Ungeishia hapo, ningekuosha jeti, nikupulizie,
ukaenda zako kabla ya adhuhuri.
Lakini inavuta hewa mahali. Naisikia.
Nashuka, bolti kwa bolti,
hadi nakutana na uchafu wa mtu.

Nani huyu?
Nani kakata gasketi kwenye ndala?
Nani kalazimisha bolti ya pikipiki
kwenye tundu lisilo lake,
halafu akasiliba kwa sabuni ya mche?
Mafundi wa njaa! Wauaji!
Natukana mpaka muuza kahawa anahamisha birika.
"Ungekuja kwangu tangu mwanzo," nakwambia,
na kidole changu chenye grisi kinakunyooshea.

Sayi hasemi kitu. Anafuta kwa kitambaa,
anafuta, kisha anaacha kufuta.
"Fundi," anasema, "njoo uone."

Kwenye alumini, kwa ncha ya msumari:
samaki mdogo, mkia juu.

Samaki ninayemchora mimi.

Igombe. Mvua ya masika, nina miaka kumi na tisa.
Mtu mmoja ana sangara nusu tani, barafu inakuwa maji,
mizani ya kiwanda inafungwa saa kumi na mbili,
maduka ya spea yote giza.
Ndala ilikuwa yangu, ya mguu wa kushoto.
Nilirudi nyumbani upande mmoja peku,
nikichechemea kwenye tope,
nikijiona mhandisi.

Miaka ishirini na miwili imeshika.
Sijui nione haya au nijisifu.

Nakata gasketi mpya, ya karatasi yake halali.
Natafuta bolti inayoijua njia yake.
Ile ndala naitia mfukoni;
Sayi ameona, ananyanyua macho juu
anahesabu mabati ya kibanda.

Tunaitumbukiza mguu kwenye pipa.
Navuta. Kimya.
Navuta. Inakohoa, inatema moshi mweupe,
inakata.
Navuta mara ya tatu, bega linalia,
na farasi anaamka, anatikisa pipa,
maji yanaturukia sote,
kisha kwenye kitundu cha ubavu
mchirizi mwembamba unatoka, wa moto, umenyooka.
"Imekojoa!" Sayi anapiga kelele,
na mtaa mzima, hata waliotukanwa, wanacheka.

"Fundi," unaniuliza, "nikupe ngapi?"
Nusu.
"Kwa nini nusu?"

Mimi sasa ndiye ninayetazama ziwa.