Kunguru wa Darasa la Tano

Jumanne, Nyalenda, mvua juu ya mabati:
nawaambia Waviking walibeba kunguru merikebuni,
wakamwachilia bahari ilipowapoteza.
Akirudi, ni maji matupu.
Asiporudi, kuna nchi kavu; fuata alikoelekea.

"Haya, andikeni."

Awuor kamtua kunguru wake sokoni Kibuye,
anadokoa omena,
hana habari na mabaharia wenye ndevu.
Ochola kauliza iwapo barafu ina harufu.
Sikujua. Nikamwambia aitunge.

Adero, aliyenyamaza muhula mzima,
kaandika mistari miwili tu:
"Baba alitoka nyumbani kabla ya Krismasi.
Hajarudi. Basi ameona inchi kavu."

Kalamu nyekundu ikashuka hadi kwenye ile "inchi",
ikasita.
Nikairudishia kifuniko chake.