Siku ya Tisa, Pasua

Nilipiga hodi mara mbili. Mtoto alikuwa analia,
Eliainenyi naye analia, ila yeye kimyakimya,
khanga kaibana kwa meno.
Mtori umeganda kikombeni.
"Hayatoki, dada. Wameshasema nina titi kavu."

Sikufungua daftari.
Nilinawa, nikaketi kitandani,
nikamuuliza: wewe umelala lini?
Akahesabu vidole, akapotelea njiani.

Tukaanza upya. Tumbo kwa tumbo.
Pua ielekee chuchu. Usimsukume kichwa.
Ngoja apanue, ngoja,
kama anapiga mwayo,
haya sasa!
Kinywa kikajaa, si ncha tu, na weusi wake.
Akakunja uso. Akaukunjua.
Tukasikia: gu.
Kimya.
Gu.

Mama mkwe, mlangoni na sufuria yake,
akasema, "Kumbe njaa tu."
Sikumuuliza njaa ya nani.

Njoro wananisubiri, pacha wa siku nne,
na jua la Moshi limeshapanda mabatini.
Kwenye daftari, penye *tatizo*, niliandika: usingizi.
Penye *dawa*:
bibi ambebe mjukuu hadi alasiri,
na mtori upashwe moto.